Nani Akae Kichwani mwa Lori

Nyinyi vijana mnaopanga wachezaji wa Kampala kwa kuangalia nani ana wafuasi wengi kwenye simu, kaeni kitako kidogo, simu wekeni mfukoni. Naitwa Saidi Odong. Ukiliuliza jina hilo mtaani kwetu Namuwongo, huenda mtu asikuonyeshe mlango. Uliza Saidi Bati, hata kuku watakuelekeza. Bati ni kwa ajili ya sauti yangu: nikisema, mabati ya nyumba yanaitikia.

Kazi ya kutangaza kwa gari la spika nimeiacha. Daktari alinimulika kooni kwa tochi akasema, "Ssebo, bwana wangu, hapa ndani pamechakaa kama tairi ya boda." Umri wangu bado ni wa mtu wa kufanya kazi, lakini nimeondoka watu wote wakiwa bado wanaidai sauti yangu, na sasa nakodisha spika zangu mwenyewe hapa Bukoto, kwenye duka lenye mlango wa kioo. Wale walioniita kelele, leo wanakuja kuomba nafuu ya bei, na wanagonga kwanza.

Shule niliishia darasa la nne. Baba alikuwa polisi, mtu wa kaskazini, Mkristo. Mama Mnubi, Mwislamu. Kambini kwa polisi watoto wote tuligombana kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ambayo mama zetu wote walielewa matusi yake. Kiswahili hiki ninachowaandikia ni kile cha kambi, nimekipiga pasi tu. Anayetaka kilichonyooka zaidi atafute mwalimu.

Kazi yangu kwa nje ilikuwa kutangaza mechi. Kazi yenyewe hasa ilikuwa kujua nani ni nyota, na nyota wa kiasi gani. Mwandalizi wa mechi, kabla hajachapa mabango, anataka kujua jina gani liandikwe kubwa juu na gani liwe dogo chini, karibu na bei ya kiingilio. Ukikosea hapo, Jumamosi uwanja unabaki na mbuzi. Bondia, mcheza kandanda, mkimbiaji, dada wa netiboli, yule kijana wa raga mwenye shingo kama gunia la mkaa, wote walipita mdomoni mwangu kwanza, nami nikawapima mtaani kama muuza mchele anavyopima kilo.

Unapima namna gani? Gari liende mwendo wa mtu aliyebeba jerikani la maji kichwani. Ukimpita huyo, umeharibu. Spika moja itazame mbele, nyingine itazame nyuma, kwa sababu watu wengi huamua kukusikiliza ukiwa umeshawapita. Maiki usiilambe, iwe mbali na mdomo kama ngumi moja. Halafu taja jina, jina tupu, na unyamaze. Kazi iko hapo kwenye kunyamaza. Vijana wa siku hizi mnaogopa kimya, mnakijaza muziki. Mimi nilinyamaza mpaka dereva anadhani maiki imekufa, na ndani ya kimya hicho nikausikia mtaa.

Kama hakuna anayegeuka, mchezaji huyo anajulikana na mama yake. Wakigeuka kisha wakaendelea na shughuli zao, jina wamelisikia redioni. Mtu akiuliza, "Lini?" hapo umeanza kushika kitu. Lakini nyota wa kweli ni yule ambaye ukimtaja, watu wanakusahihisha. Ndiyo maana nilikuwa nakosea makusudi. Nilikuwa nasema, "Okello Nyundo, bondia wa mkono wa kulia!" huku najua Nyundo ni wa kushoto, na mara kutoka kwa kinyozi mtu anatoka shingoni ana kitambaa, nusu ya kichwa imenyolewa. "Bati! Wa kulia gani? Umeanza kunywa asubuhi?" Moyoni nacheka. Watu hawapotezi mate kubishana juu ya mtu wasiyemjali.

Na kila mtaa una namna yake ya kujibu. Kasubi nililipeleka jina la yule kijana wa raga. Nikalitaja, nikanyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa anashona viatu akainua kichwa.

"Huyo anagombea kiti gani?"

"Mzee wangu, huyu ni mchezaji."

"Sawa, lakini mwambie barabara yetu ni mbovu."

Jina hilohilo nikalipeleka Bukoto, kule kwenye fleti. Bukoto watu hawapigi kelele, wamesoma. Pale unaangalia mapazia. Nikalitaja, nikanyamaza, mapazia yakafunguka mpaka ghorofa ya juu. Nikajua huyu ni nyota wa wanaolipa kodi ya nyumba kwa mwezi, na huko kwa wanaolipa kwa wiki bado.

Aliyenifundisha haya ni Barasa, mwenye pikapu na mwandalizi wa mechi. Mkenya, mtu wa kwaya kanisani, alikuja Kampala kuuza viatu vya michezo akaishia kuuza mechi zenyewe. Siku yangu ya kwanza nilianza kutaja siku, halafu uwanja, halafu mchezo. Barasa akafunga breki katikati ya barabara.

"Wewe kijana, nani ataacha sufuria yake asikilize tarehe? Jina kwanza! Jina ni ndoano, hayo mengine ni uzi."

Alinifundisha kutafuna tangawizi mbichi na kuiogopa soda baridi. Alinifundisha pia kukosea kwa heshima. Kuna siku niliingia Kasubi sauti ikiwa juu kabisa, namtangaza Nyundo: "Atampiga! Atamwangusha! Hatainuka tena huyo!" Kukata kona, kumbe kuna matanga. Watu wamekaa chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, wote wananitazama mimi na mdomo wangu. Barasa akazima spika, akashuka, akavua kofia, akaenda kukaa na wafiwa kama jamaa yao. Na mimi nikamfuata. Tukanywa chai ya matanga mpaka alipoona inatosha, tukaaga kwa mikono miwili. Tulipofika kwenye gari, mwanamume mmoja wa pale akawa anatufuata mbio. Nikajisemea, leo tunapigwa. Akainama dirishani, akanong'ona, "Huyo Nyundo anapigana lini?"

Basi ndiyo kazi ilivyokuwa. Sasa niwape habari ya Nakato, kwa sababu mtu akitaka kunisifu huanza nayo, na mimi simkatizi.

Kila msimu ukifika ukingoni Barasa aliandaa siku kubwa ya michezo. Ijumaa lori la wazi linazungusha nyota mitaani, Jumamosi mechi. Juu ya kichwa cha lori, pale juu ya dereva, tulifunga benchi fupi la kukaa mtu mmoja. Atakayekaa pale ndiye wa kwanza wa mji mzima. Wanaofuata wanakaa nyuma yake kwa mpangilio, na wa mwisho anakaa mkiani, miguu inaning'inia. Mpangilio huo niliupanga mimi, Saidi wa darasa la nne, na watu waliujadili wiki nzima kwenye stendi za boda. Wachezaji walikuwa wananisalimia mpaka kwa jina la mama yangu. Mkimbiaji mmoja aliwahi kuja alfajiri akakaa kwenye benchi kabla sijaamka, nikamkuta ameshikilia vyuma kama mtu aliyeko kwenye jahazi la dhoruba. Nilimshusha kwa mandazi.

Kwa misimu mingi benchi lilikuwa la Ssemanda, mshambuliaji wa kandanda tuliyemwita Kisu. Kijana mzuri, nywele amechora mistari, miwani myeusi hata ndani ya nyumba. Jioni ukipita kwenye maduka ya betingi na vibanda vya nyama choma, ukasema "Kisu" halafu ukanyamaza, huo mlio ulikuwa unatingisha pikapu. Wa pili alikuwa Nyundo. Na chini kabisa, pale mkiani, Nakato.

Nakato alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli. Timu ilikuwa ya Hajati, mama mmoja mwenye duka la saruji na mabati Kasubi, aliyewalipa wasichana wake mshahara kutoka kwenye saruji hiyo. Mdogo, lakini mshahara. Kila mechi yao niliitangaza mwenyewe, jina la Nakato nikalitaja jioni kwa haki kabisa, na sikupata hata mtu wa kuuliza "Lini?" Viti vilikuwa vitupu. Mchezaji akifunga, anayepiga makofi ni mwenye kuuza maji.

Wiki ya siku kubwa, Hajati akaingia ofisini kwa Barasa, chumba cha nyuma ya duka la viatu. Nakato alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa raba zake. Mimi nilikuwa nakula chapati.

"Barasa," Hajati alisema, "Jumamosi ni mwisho wa kunidanganya. Nikiona viti vitupu tena, nafunga timu. Sina ubaya na mtu. Lakini nimechoka kuwalipa watoto wa watu wacheze mbele ya plastiki."

Hajati akatoka, na Nakato akanivuta pembeni.

"Anko Saidi, shangazi ameshanitafutia kazi za ndani Uarabuni. Pasipoti iko tayari. Timu ikifa, Jumatatu napanda ndege. Mikono hii itaosha vyombo vya watu. Nisaidie."

Msichana mrefu, mikono mirefu kama ya mchuma embe, na alikuwa anaitazama hiyo mikono kana kwamba imeshaondoka. Mnanijua mimi. Nikamwambia, "Mungu ana mengi ya kufanya wiki hii. Hili niachie mimi." Nikaenda nyumbani sina hata wazo moja.

Wazo lililetwa na breki. Sisi tulikuwa tunatoka na gari alasiri mpaka giza likikaribia, ndiyo saa ya watangazaji wote wa Kampala. Mnatangaza wakati watu wametoka kazini. Sasa breki za pikapu zikafa Jumanne mchana, fundi akazirudisha usiku, na Barasa akasema jioni tuliyoipoteza tuilipe kesho yake asubuhi. Nilinung'unika. Asubuhi! Nani anatangaza kandanda watu wakipiga mswaki?

Tukaingia Namuwongo, kando ya reli. Nikasema, "Kisu!" Nikanyamaza. Kijana mmoja akatema povu la dawa ya meno, akaendelea. Nikasema, "Okello Nyundo, wa mkono wa kulia!" Mtoto mmoja wa shule akasema, "Wa kushoto," bila hata kusimama. Nikaona tunachoma petroli bure. Nikataka nimalizie tu, nikasema, "Nakato! Mfungaji kutoka Namuwongo hapahapa!"

Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mihogo akainua mwiko.

"We Bati, Nakato yupi wa Namuwongo? Nakato ni wa Kasubi. Nimesuka nywele zake!"

Sikuwa nimekosea makusudi, wallahi. Sikujua. Sikuwahi kujua msichana anatoka wapi.

"Wa Kasubi kwa mama," akadakia muuza nyanya wa pembeni. "Kwa baba ni wa hapa. Anko yake anakaa nyuma ya kisima."

"Anko gani? Yule si anko, yule ni mpangaji!"

"Na Jumamosi atalindwa na nani?" akauliza wa tatu, ana mtoto mgongoni. "Asiwe yule mfupi wa kusukuma. Msimu uliopita alimsukuma mpaka refa akaona aibu."

"Refa gani aliona aibu? Refa alikuwa anatazama ndege!"

Barasa hakuwepo, alikuwa ofisini Bukoto. Dereva alinigeukia mdomo wazi. Hawa wanawake walikuwa wanajua mabao ya Nakato kuliko mimi niliyemtangaza. Nikashuka garini, nikanunua mihogo ili wasinifukuze.

"Kina mama, mnampenda hivyo, mbona uwanjani siwaoni?"

Wakacheka kicheko cha kunisikitikia. Yule wa mihogo akasema, "Mabao yake tunasimuliwa na yule muuza maji wa uwanjani. Mechi mnaweka saa nne asubuhi. Saa nne tuko wapi? Hapa. Jioni mnapita na kelele zenu, sisi tuko jikoni na moshi machoni. Unataka niache ugali uungue nije nikujibu, 'Eee Bati, nampenda Nakato'?"

"Sasa saa gani mnaweza?"

"Sahani za mchana zikishaoshwa," alisema, "na moto wa jioni haujawashwa. Hapo hata mume hajui niko wapi."

Nikapanda gari nikamwambia dereva twende Kasubi, twende Bukoto, leo hatutangazi mwingine. Kasubi wauza ndizi waligombana juu ya jina la kocha wake. Bukoto wasichana wanaofua kwenye fleti walitoka na povu mikononi, wakanionyesha kwa vitendo anavyoruka. Nilirudi ofisini sauti imekauka kwa furaha.

"Barasa, kaa chini."

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi. Miaka yote tumeupima nusu ya mji."

Nikamweleza. Nikamwambia jioni mtaani kuna wanaume waliokaa, kwa hiyo jioni lazima nyota awe wa wanaume waliokaa. Nikamwambia ahamishe netiboli kutoka asubuhi, aiweke saa tisa, mahali pa kandanda, na kandanda isubiri jioni. Halafu nikasema, "Na kichwani mwa lori akae Nakato."

Barasa alicheka mpaka akavua miwani.

"Skiza, Saidi. Nikimtoa Kisu pale juu, watu wa betingi watakuja hapa kunidai maelezo."

"Wadai kwa wanaowapikia."

"Na uwanja ukiwa mtupu?"

"Hautakuwa."

"Ukiwa mtupu," alisema pole pole, na sasa hacheki, "Jumatatu nanunua ile spika ya kadi. Unarekodi mara moja, inasema siku nzima. Haibishani na mimi, na haili chapati."

Nilimpa mkono. Nawaambieni ukweli, mkono ulikuwa na jasho, lakini niliufuta kwanza kwenye suruali asijue.

Mabango yalikuwa hayajaenda kwa mchapaji, tukabadilisha saa. Na mimi kila asubuhi nikawa mtaani kabla ya wauza maziwa.

Ijumaa lori likaegeshwa Bukoto mbele ya duka la viatu. Nikampandisha Nakato kwenye benchi, amevaa jezi, amekaa kama mtu anayepimwa damu. Nyuma yake nikamweka kijana wa raga, kwa heshima ya Bukoto, na wengine wakafuata. Nyundo mwenyewe akachagua mkiani, akasema pale kuna upepo, akafungua pakiti ya karanga. Halafu akaja Kisu na miwani yake.

"Bati, nani huyo kwenye kiti yangu?"

"Nakato."

"Nakato nani?"

"Uliza mama yako," nikamjibu. Lilinitoka tu, sikujua nimesema nini.

"Mimi hapana kaa nyuma ya mwanamke."

"Basi njoo kaa nyuma ya mimi," Nyundo akamwita kutoka mkiani, anapapasa ubao. "Karanga ziko."

Watu wakacheka, na kicheko hicho Kisu hakukipenda. Kule juu Nakato akaanza kuteremka. "Anko, mwache akae, sitaki maneno."

Nikapanda tairi mpaka nikafika sikioni kwake. "Ukishuka hapo," nikamwambia, "shuka moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege."

Akanitazama. Akarudi akakaa, akashika vyuma. Kisu akageuza mgongo akaondoka. Barasa akaniangalia kwa jicho la mtu anayesikia tayari spika ya kadi ikiongea. Nikagonga kichwa cha lori, tukaenda.

Bukoto walitupigia ndoo za kufulia. Namuwongo yule mama wa mihogo alikimbia na lori akimrushia Nakato mihogo ya moto, na Nakato akawa anaidaka, mmoja mmoja, hakuna uliodondoka, mtaa mzima unahesabu kwa sauti. Hapo akaanza kutabasamu. Hapo akaachia vyuma.

Tulipopanda Kasubi, boda ikatupita mbio, ikasimama mbele. Kisu akashuka. Alikuwa amesikia kelele kutoka mbali akaona zinakwenda bila yeye. Akarukia lori likiwa mwendo mdogo, akapanda mpaka kichwani, akasimama mbele ya Nakato, mikono juu. Na kwa kweli baadhi ya vijana walimshangilia.

Kando ya barabara kulikuwa na mama mnene anauza kabalagala, vile vimkate vya ndizi. Akasimama, mikono kiunoni.

"Gwe Ssemanda! Toka hapo, unamziba Nakato!"

"Maama, ni mimi!"

"Nakujua, nimekuzaa! Sogea, tumuone mtoto wa watu!"

Nyundo alicheka mpaka karanga zikamwagika barabarani. Kasubi yote ikalala kwa kicheko. Na hapa nimsifu Kisu, maana wengine wangeshuka wakauhama mji. Yeye alisimama, akavua miwani, akacheka na yeye. Kulikuwa na mwavuli mkubwa wa matangazo tumeufunga pembeni. Akaufungua, akakaa chini ya benchi, akamshikia Nakato jua lisimpige, hivyohivyo mpaka mwisho wa safari. Akina mama wakampigia vigelegele. Nikamwona dereva ananitazama kwenye kioo, nikamwambia, "Umeona? Jina la Kisu limepanda leo kuliko msimu mzima." Vijana, hilo nalo mliweke kichwani.

Jumamosi sasa. Saa nane mchana nilikuwa uwanjani na spika zangu mbili, na viti vilikuwa vitupu. Vitupu kabisa. Wasichana wanapasha misuli, mpira unadunda, na mdundo wake unarudi kutoka kwenye viti. Nakato hakuniangalia. Barasa alikaa pembeni yangu na simu, na mimi niliona vizuri anachotazama: picha za spika za kadi, za rangi mbalimbali.

"Hii ya bluu ni nzuri," alisema.

Nikatema tangawizi. Nikawaza sahani. Sahani za mchana za Namuwongo ni nyingi kiasi gani? Zinaoshwa kwa muda gani? Jambo hilo sikuwa nimewahi kulifikiria maishani, na mke wangu akisoma hapa atasema inaonekana.

Kisha langoni akaingia yule mama wa mihogo. Alikuwa amebeba kigoda chake cha biashara, hakuamini viti vya uwanja. Nyuma yake muuza nyanya. Nyuma yake yule wa mtoto mgongoni, na dada zake, na aproni bado viunoni. Wakaja wa Kasubi kwa makundi, mama Ssemanda mbele na beseni la kabalagala kichwani. Wakaja wasichana wa Bukoto, mikono imekunjamana kwa maji ya kufulia. Walikuwa wanaingia huku wanabishana, na kila niliposhika maiki nikisema neno, nusu yao wananirekebisha. Barasa aliifunga simu.

Mechi ilikuwa ya moto. Nakato alifunga mpaka mlinzi wake akaomba kubadilishwa. Nikisema pasi imetoka kwa fulani, uwanja unapiga kelele, "Siyo yeye!" Sijawahi kutukanwa kwa raha kama siku hiyo.

Kipindi cha mapumziko Hajati akafika. Alikuwa amechelewa kufunga duka, na nadhani hakuwa na haraka ya kuja kuzika timu yake. Akasimama langoni, akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatembea mpaka kwangu akipenya kati ya magoti ya watu.

"Saidi."

"Naam, Hajati."

"Mimi nikae wapi?"

Nikatazama. Hakukuwa na kiti, hakukuwa na kigoda, hata kwenye ukuta wamejaa. Nikachomoa waya wa spika moja, nikailaza chini, nikaipangusa vumbi kwa kofia yangu. Hajati akakaa juu yake, akaweka mkoba magotini. Kipindi cha pili nilikitangaza kwa spika moja.

Kina Nakato walishindwa kwa bao moja, na hakuna aliyeondoka. Filimbi ilipolia Nakato akaja mbio, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya Hajati kama mtoto aliyevunja sufuria.

"Hajati, tumeshindwa."

"Nimeona. Sina macho?"

"Sasa... shangazi anasubiri jibu langu leo. Pasipoti..."

Hajati alikuwa anatazama juu, kwenye viti, ambako mama wa mihogo na mama Ssemanda walikuwa bado wanagombana juu ya bao la mwisho.

"Pasipoti mpe mama yako akutunzie," alisema. "Jumatatu ni mazoezi, saa kumi. Na mwambie yule mwenzako wa kukupasia ajifunze kupitisha mpira, ametuua."